BARUA YA CHUO CHA SHERIA IMEFIKA, TUKAE TUAMUE



Alhamdulillah, wapo vijana waliohitimu juzuu zao kwenye mikeka ya madrasa ambao leo wanaitwa vyuo vikuu kusoma sheria. Barua ikifika, mama hupika pilau na majirani huja kupongeza. Tatizo ni kwamba baada ya pilau hapafanyiki kikao. Tunasema "mtoto kapata chuo", kana kwamba safari imekwisha. Sisi walimu tunaona kuwa hapo ndipo uamuzi unapoanza, nao unaitaka familia nzima.

Kwanza huulizwa: je, inafaa Mwislamu kusoma sheria za serikali? Tutazame mirathi. Surat An-Nisaa imetaja mafungu ya warithi waziwazi. Lakini huku Tanzania Bara, mirathi ya Mwislamu ikiingia mgogoro hufikishwa mahakama ya mwanzo, kwa fomu na taratibu za serikali. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane. Akiikosa, si kwamba dini haikumpa, bali hakupata mtu wa kumwelekeza namna ya kuidai. Anayeijua faraidh na akaijua mahakama ndiye tunayemhitaji. Kwa hiyo kauli yetu ni kwamba kijana aende, ila aende akiijua njia yote.

Tuanze na chuo. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na ndicho kilichoanza kabla ya vitivo vingine vyote vya chuo hicho. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005, na hufundisha sheria pamoja na Sharia. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliowekwa, na muda huo si mrefu. Anayekwenda Dar es Salaam asiache darsa zake. Anayekwenda Morogoro naye asidhani jina la chuo litamsomea vitabu.

Jambo la pili husahauliwa na wazazi wengi. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Ipo Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo mhitimu hupaswa kuipitia kabla ya kuapishwa. Matokeo yaliyozua mjadala nchini mwaka 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Hatuyasemi haya ili kumtisha mtu. Tunayasema kwa kuwa familia inayopiga hesabu ya miaka ya chuo na kuisahau shule hiyo huja kumwona kijana wao amekaa nyumbani na shahada mkononi.

Tatu ni fedha. Wazee wengi waliukimbia mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa sababu ya ile nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka, wakihofia riba. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Basi masheikh waulizwe juu ya masharti ya mkopo kama yalivyo leo, tusihukumu kwa habari za zamani. Pia ijulikane kuwa mkopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Anayekopa aweke nia ya kulipa.

Nne ni mabinti. Tunasikia wazazi wakisema uanasheria si kazi ya mtoto wa kike. Tunawauliza kwa heshima: mwanamke aliyetalikiwa bila kupewa haki yake atamweleza nani mambo ya ndani ya nyumba yake? Atafunguka zaidi kwa binti mwenye hijabu yake na elimu yake. Kama hofu ni malazi na mazingira, baba au kaka aende akavione chuo na hosteli kabla ya kukataa.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kuthibitisha nafasi, baba, mama na kijana wakae usiku mmoja na daftari. Waandike ada ya kila mwaka, malazi, nauli, vitabu na gharama za Shule ya Sheria, kisha waandike kila kimoja kitatoka wapi. Ikibaki pengo, waje msikitini na madrasa mapema, wasingoje mtoto afukuzwe mtihani. Kisha iswaliwe istikhara, kwani istikhara huenda pamoja na mashauriano na wala haichukui nafasi ya daftari.

Nanyi wanafunzi wetu, mkirudi likizo, njooni muwafundishe wadogo zenu hesabu za mirathi. Hilo ndilo deni letu kwenu.

Wabillahi tawfiq.