Cheti cha Pakeji Hakijui Waya Imechomekwa Wapi

Wacha niseme hii kitu na mwenye atakasirika akasirike: ile kozi ya kompyuta pakeji ambayo kila mzazi Eastlands hulipia mtoto akimaliza Form Four ni kozi ya kukariri majina. Ukitoka hapo unajua kibodi ni kifaa cha kuingiza data. Mausi pia ni kifaa cha kuingiza data. Skana, maikrofoni, tiki, tiki, tiki, umepata 90. Sasa hivyo vifaa viwili vikinyamaza mbele yako, usiku ambao KUCCPS inafunga maombi, hiyo 90 inakusaidia na nini?

Nauliza kwa sababu kutoka Kayole mpaka Buruburu naona sinema moja. Deskitopu imewaka, skrini iko sawa, picha ya Windows imetulia pale, lakini kishale hakisongi na ukibonyeza herufi hakuna kitu. Mwenye cheti anabonyeza kila kitu kwa hasira, halafu anaita fundi. Fundi wa ile aina naongelea anaangalia kwa mlango tu, hajagusa hata waya moja, anasema, "Hii ni mazabodi. Ama tufomati." Na kwa sababu wewe uliambiwa kazi yako ni kuchapa na si kuuliza, unatoa pesa.

Mnakumbuka lab ya kompyuta shuleni? Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini. Skrini zimefunikwa vitambaa. Ukutani kuna karatasi: usiguse waya. Miaka minne mtoto anafundishwa kuogopa nyuma ya mashine, halafu chuo cha mtaani kinakuja kumalizia kazi. Hata siasa yetu ya kompyuta ni hiyo hiyo. 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza, 2016 zikaanza kuja tableti. Kila mtu anaongea kuhusu kupeana vifaa. Nani anaongea kuhusu siku kifaa kitakataa?

Hesabu yenyewe si ngumu. Kibodi na mausi ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na waya yake. Vikizima dakika moja, ni nadra sana viwe vimeharibika vyote pamoja. Kuna kitu vinatumia pamoja, na hicho ndicho unatafuta. Inaweza kuwa poti, umeme unaoenda kwa poti, ama Windows yenyewe imehangi. Kuambiwa "nunua kibodi mpya na mausi mpya" kabla mtu afikirie hivyo ni kama gari imekataa kuwaka na unauziwa matairi manne.

Anza na Num Lock. Kama kibodi yako iko na taa, bonyeza. Ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kompyuta inakusikia, shida iko kwa Windows ama kwa programu moja iliyokwama. Ikiwa imewaka lakini haibadiliki, mara nyingi mashine nzima imehangi. Hakuna taa kabisa? Pindua mausi. Nyingi za bei yetu zina taa nyekundu chini. Kama hiyo pia imezima, umeme haufiki, na hapo shuku poti kwanza.

Na kwa saiba zetu, poti za mbele ndizo mshukiwa namba moja. Kila mteja anakuja na flashi, anaisukuma kwa nguvu, anaichomoa kwa pembe. Hizo za mbele zimeunganishwa na mazabodi kwa kawaya ka ndani, na kanaweza kulegea. Za nyuma zimekaa kwa mazabodi yenyewe. Hamisha waya nyuma, subiri sekunde kumi. Hiyo ndiyo "repair" ambayo watu wanalipia.

Sisemi kwa nadharia. Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Juni, saiba moja hapa Umoja ilikuwa imejaa watu wa returns za KRA, na mnajua 30 Juni haingojei mtu. Stima zikapotea, zikarudi, zikapotea tena, zikarudi. Mashine ya kuprinti ikaamka bila kibodi na bila mausi. Fundi akaitwa, akasema mazabodi, akabeba lile boksi (mtaani tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu halisi ni chipu ndogo iko ndani) akaenda nalo siku mbili. Mama wa saiba akalipa elfu tatu na mia tano, na foleni yote ikahamia kwa jirani. Mwezi uliofuata stima zikacheza tena, ugonjwa ule ule ukarudi. Safari hii kijana wake, bado yuko sekondari, alichomoa mashine kwa ukuta, akashikilia batani ya kuwasha kama nusu dakika, akarudisha waya. Ikaamka na kila kitu. Shilingi sufuri.

Kwa nini hiyo ilifanya kazi? Kwa sababu deskitopu ikiwa "imezimwa" lakini bado iko kwa ukuta, kuna umeme kidogo unaendelea kuingia, na ule mzunguko wa USB unaweza kubaki umechanganyikiwa. Unachomoa kabisa, unamaliza chaji iliyobaki, unaanza upya. Na usiangushe mashine ghafla kama hujajaribu njia ya adabu. Bonyeza batani ya kuwasha mara moja tu, kwa ufupi, kawaida Windows itajizima yenyewe vizuri hata bila mausi. Kushikilia mpaka ife ni ya mwisho.

Hizi mashine zetu nyingi zilitoka kwa maofisi ya ng'ambo, Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, na za zamani bado zina zile poti za duara, zambarau ya kibodi, kijani ya mausi. Hizo usichomeke mashine ikiwa imewaka. Zima kwanza, na uangalie pini hazijapinda.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kimoja, na sijui kwa nini hakiko kwa mtihani wowote wa pakeji. Washa mashine na papo hapo uanze kugonga kitufe cha kuingia BIOS. Dell ni F2, HP nyingi F10, ThinkCentre F1. Hapo Windows haijaamka bado. Kama mishale ya kibodi inasonga hapo ndani, basi kibodi ni nzima, waya ni nzima, poti ni nzima. Mtu akikuambia mazabodi baada ya hapo, ama hajui ama anakudanganya, na zote mbili hazifai kulipiwa.

Kitu kinaweza kufa mahali pamoja na kuwa hai mahali pengine kwenye mashine hiyo hiyo. Microsoft wenyewe walituonyesha. 14 Oktoba 2025, siku ile ile walimaliza kuhudumia Windows 10, walitoa sasisho la Windows 11 linaloitwa KB5066835. Likafanya kibodi na mausi za USB zikatae ndani ya ule ukurasa wa kurekebisha Windows, wakati ndani ya Windows ya kawaida ziko poa. Ilibidi watoe sasisho lingine 20 Oktoba. Hiyo wiki ni kibodi ngapi nzima ziliitwa mbovu?

Sasa tuje kwa kufomati, hii dini yetu. Ukifomati ovyo unafuta CV za watu, picha, kazi ya wateja, halafu poti iliyolegea inabaki imelegea. Na kuna kichekesho. Intel za kizazi cha sita, zilizotoka 2015, ziliacha mfumo wa zamani wa USB ambao Windows 7 ilikuwa inaujua. Mtu akiwekea mashine kama hiyo Windows 7 ya kawaida, anafika ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha, kibodi na mausi zote kimya. Dawa imeleta ugonjwa wenyewe. Nimeona msee akirudi kwa mteja na uso wa huzuni, ati "nilikuambia ni mazabodi."

Najua mnajibu nini. Fundi lazima akule. Kweli, na mimi sina vita na fundi. Fundi mzuri, awe na duka Luthuli ama kibanda Dandora, swali lake la kwanza ni "ilianza lini?" La pili ni "stima zilipotea?" Mlipe huyo, mlipe vizuri, maana analipwa kwa kufikiria. Wengi wao hawana hata hicho cheti, walijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa. Ninayempinga ni yule anayeishi kwa woga wako, na chuo kinachomtengenezea wateja kwa elfu kadhaa kila muhula. Mimi niliacha kampasi na bado najua hii, kwa hivyo msiniambie ni sayansi ya maroketi.

Huna kompyuta nyingine ya kujaribia kibodi? Una simu. Simu nyingi za Android zinakubali kibodi na mausi kwa ile adapta ndogo ya OTG, kwa mausi unaona kishale kikitokea kwa skrini ya simu. Ikichapa kwa simu, kibodi haina kosa. Na kama kibodi inajifanya imekufa lakini ukishikilia kitufe muda mrefu herufi inatokea, kuna mtu alikalia Shift ya kulia. Sekunde nane, Windows inauliza kama unataka Filter Keys, na ikikubaliwa inaanza kupuuza mibonyezo mifupi. Shikilia tena sekunde nane, itoke.

Yote hii inaisha kwa asubuhi moja ya darasa. Nimepita kwa vyuo vitatu hapa mtaani nikauliza kama wako na mashine moja tu ya wanafunzi kuchomoa, kufungua na kuharibu. Viwili vikaniuliza kama nataka cheti ama nataka kuleta shida. Cha tatu mwalimu alicheka, akasema kuna OptiPlex mbili zimelala stoo tangu mwaka juzi, hakuna anayejua zinaumwa nini, nikuje Jumamosi na mwenye anataka. Naenda. Kuna nafasi za watu sita.