Rangi Bila Wasifu ni Neno Bila Muktadha

Mtafiti anayepiga picha mswada wa utenzi na kuisawazisha katika programu ya kuhariri picha huenda akapigwa na butwaa. Wino uliokoza wekundu ndani ya programu huonekana umechujuka picha iyo hiyo ifunguliwapo katika kivinjari. Ni kweli kwamba skrini mbili hutofautiana, lakini hapa tarakilishi ni moja na skrini ni moja. Kiini cha tatizo ni kingine.

Faili ya picha haihifadhi rangi, bali nambari. Aghalabu kila nukta hupewa viwango vitatu, vya nyekundu, kijani na samawati, kuanzia 0 hadi 255. Nambari hizo hufasiriwa kwa kutegemea nafasi ya rangi iliyotumiwa. Adobe RGB, ya mwaka 1998, ni pana kuliko sRGB iliyopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996. Wasifu wa rangi uliopachikwa ndani ya faili ndio unaotaja nafasi hiyo. Ukikosekana, kivinjari kwa kawaida hukisia kuwa ni sRGB, na picha iliyoandaliwa kwa Adobe RGB hufifia. Ni kama neno "paa": pasipo muktadha, nani ajuaye iwapo ni mnyama, sehemu ya nyumba au kitendo?

Wapo watakaodai kwamba haya ni ya mafundi wa tarakilishi. Siafikiani nao. Katika baadhi ya miswada ya mwambao wetu, wino mwekundu hutenga vipande vya beti. Nazo Kurani zilizonakiliwa Siyu zasifika kwa nakshi za nyekundu, nyeusi na manjano. Mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda kuiona miswada iliyohifadhiwa ng'ambo hutegemea picha tu. Rangi ikipotoka, huenda akaudhania wino kuwa umechakaa, na hitimisho lake likapotoka vilevile.

Kwa hiyo, kila anayeweka miswada yetu mtandaoni na ahifadhi faili asilia pamoja na wasifu wake, kisha aandae nakala ya wavuti iliyogeuzwa kuwa sRGB na kupachikwa wasifu huo. Kugeuza huko si kubandika jina jipya juu ya nambari za zamani. Nambari zenyewe sharti zikokotolewe upya. Aidha, kadi ya rangi na ipigwe picha kando ya ukurasa. Mhariri wa matini hutaja kanuni alizofuata katika unukuzi wake. Mhariri wa picha ya matini hana udhuru wa kutofanya vivyo hivyo.