Haki ya Asiyekuwapo Mbele ya Mizani



Kila Muislamu afanyaye biashara anajua kwamba kupunja vipimo ni haramu. Sura nzima ya Qurani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la hao wapunjao. Kwa hiyo mfanyabiashara mwema wa Ifakara, auzaye mchele sokoni au wali mkahawani, hupima kwa haki, wala hamlazimishi mkulima kufunga lumbesa. Akisha kufanya hivyo huona kwamba hadaiwi na mtu. Mwezi huu twataka kumwuliza swali moja tu: Je, yule asiyekuwapo mbele ya mizani, haki yake i wapi?

Twakusudia jirani avutaye moshi wa pumba zichomwazo nyuma ya mashine ya kukoboa. Twakusudia mvuvi aliye chini ya mto, ambaye taka za sokoni humfikia kwa mvua. Twakusudia pia mtoto atakayezaliwa kesho akaukuta msitu umekwisha. Hao hawakuuza wala hawakununua. Lakini katika sahani ya wali tuliyoiuza jana, wao wamelipa sehemu ambayo sisi hatukuilipa.

Watu wa Kilombero wamepewa neema kubwa. Bonde lao limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, lenye mpunga, kambale na perege. Maji ya mto wake huingia Rufiji, na tangu 2024 husaidia kuzungusha mitambo ya umeme katika Bwawa la Julius Nyerere. Mwaka 2002 bonde hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima.

Lakini neema ina mpaka. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji wa kando yake waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Aliyezoea kuokota bure akalazimika kupanda miti yake au kununua. Ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba kuni zilikuwa na bei siku zote, ila mlipaji alikuwa msitu.

Ama mkaa, hesabu yake ni nzito zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hutaka kilo 5 mpaka 10 za kuni. Tuchukue mfano. Tuseme mama lishe mmoja hutumia makopo 3 ya mkaa kila siku. Akiloweka maharagwe usiku kabla ya kuyapika, akafunika sufuria, akaukinga moto na upepo, na mkaa uliobaki akauzima badala ya kuuacha uteketee, akaokoa kopo 1 tu, basi kwa siku 300 za kazi ameokoa makopo 300. Hakupandisha bei, wala hakupunguza kijiko cha wali. Faida hiyo ni halali tupu, na msitu umepata fungu lake.

Sasa tuiangalie mashine ya kukoboa. Katika kila kilo 100 za mpunga, kiasi cha kilo 20 ni maganda. Hayo hutupwa nyuma, yakawa kichuguu, kisha hutiwa moto unaofuka siku nyingi, na majirani wakafunga madirisha. Kumbe ndani ya kichuguu kile mna moto ule ule ambao mama lishe, hatua chache kutoka pale, anaununua kwa fedha! Wachoma matofali wameligundua hilo zamani, nao hutumia pumba mahali pa magogo. Hata jikoni zafaa: huchukuliwa debe lenye tundu ubavuni chini, husimamishwa chupa katikati, pumba kavu zikashindiliwa pande zote, kisha chupa huchomolewa na moto ukawashwa kwa chini. Lakini jiko hilo lina moshi. Lisiwashwe ila mahali pa wazi, tusije tukaondoa dhara kwa jirani tukaiweka kifuani mwa mpishi. Majivu yake hurudi shambani. Ama pumba laini, hizo ni chakula cha kuku na bata.

Kuna na maji machafu ya kuoshea samaki na vyombo. Mji wa Ifakara una kituo cha utafiti kilichoanza 1957 kama maabara ya Waswisi, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mashuhuri kwa elimu ya malaria. Haielekei basi mtu wa mji huo aseme hajui habari za mbu. Dimbwi la maji machafu nyuma ya mkahawa huzaa mbu, wakiwamo waenezao matende. Shimo moja lililojazwa mawe kwa ajili ya kunywesha maji hayo, na shimo jingine la kufukia matumbo ya samaki yawe mbolea, ni kazi ya siku moja ya vijana wawili.

Na chakula kibakicho? Apikaye asihesabu njaa yake. Ahesabu wateja wake. Kikibaki, kipewe mhitaji kingali kizuri. Kumpa maskini wali uliochacha si sadaka, na kuumwaga uliokuwa mzima ni israfu.

Mtu atasema: "Mimi ni mdogo. Wako wenye mashamba makubwa na mifugo mingi, waulizeni hao." Ni kweli, nao wataulizwa. Lakini kosa la mkubwa halikumfutia mdogo lake, na haba na haba hujaza kibaba, cha heri na cha shari. Wala hatumlaumu mama asiyeweza kununua jiko la gesi. Serikali katika mkakati wake wa 2024 imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Hiyo ni miaka kumi, na watu watakula wali kila siku ya miaka hiyo. Yatupasa kuanza na tulicho nacho.

Enyi vijana mliosoma, hapa pana kazi yenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfungulieni mama daftari, mwandikie kila jioni mkaa uliotumika, chakula kilichobaki na taka zilikokwenda. Baada ya mwezi mmoja msomeeni. Huenda akaona mwenyewe, bila ya kuhubiriwa, ni wapi fedha yake ilikuwa ikitoka, na ni nani aliyekuwa akimlipia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, isiyo na deni la mtu, aliyepo na asiyekuwapo. Amin.