Je, Mke Huzuia Kalamu?

Twasikia maneno mabaya vinywani mwa watu waliosoma: «Mtu wa kalamu asioe upesi, mke ni kelele, watoto ni gharama, na vitabu vitakufa.» Hapana! Maneno hayo twayakataa, na sababu tunayo.

Tazameni Urusi, mwaka 1866. Fyodor Dostoevsky, aliyefiwa na mkewe, mwenye madeni mengi, alikuwa ametia sahihi mapatano mabaya na mchapaji mmoja: asipotoa kitabu kipya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapaji ataweza kuchapa vitabu vyake muda wa miaka 9 bila kumlipa kitu. Mwezi wa Oktoba ulifika, kitabu hakijaandikwa. Ndipo akaja Anna Snitkina, msichana wa miaka 20, aliyejua kuandika kwa alama fupi maneno yasemwayo upesi. Bwana alisema, Anna aliandika, kisha kwao akanakili vizuri. Kwa siku 26 kitabu kikaisha. Mwaka 1867 wakafunga ndoa.

Je, mke alizuia kalamu? Aliyeizuia ni bwana mwenyewe! Alicheza kamari mpaka mapambo na nguo za mkewe zikawekwa rehani. Alipoacha kamari, mwaka 1871, nyumba ikapata pumzi. Tangu mwaka 1873 Anna alichapisha na kuuza vitabu vya mumewe nyumbani mwao, akashika hesabu, akapambana na wadai. Kitabu cha mwisho cha Dostoevsky, kile cha ndugu Karamazov, alimtolea Anna kwa heshima, na jina lake limepigwa chapa mwanzoni.

Mtu atajibu: «Anna alikuwa amesoma; wetu je?» Basi, ni nani aliyewaondoa mabinti shuleni? Tena, kushika fedha ya nyumba na kunyamazisha watoto saa moja ili baba aandike, hiyo nayo ni kazi ya kitabu. Lakini msaada si utumwa: anayesaidiwa naye aache kamari yake.

Sisi waume twaficha mshahara, twaficha madeni, twafunga daftari sandukuni, kisha twalalamika kwamba mama wa watoto haelewi kazi yetu. Ataelewaje asichoonyeshwa?

Leo usiku tuwashe taa, tumsomee ukurasa mmoja. Na atakapotuambia, «Hapa sijaelewa,» tusikasirike. Tuandike upya.