Tuuzieni, Msitupigie Picha

Shati ulilovaa sasa hivi, kama ulilinunua Kongowea au Mwembe Tayari, huenda lilianza safari yake likiwa sadaka. Kuna mtu Leeds au Toronto aliyelifua, akalikunja, akalipeleka kwenye duka la hisani karibu na kwao, kisha akarudi nyumbani roho yake nyeupe. Wewe ukalilipia shilingi mia mbili, tena baada ya kubishana. Hapo katikati sadaka iligeuka bidhaa. Iligeukia wapi, na faida ilibaki kwa nani? Sisi wa Mombasa ndio tunaopaswa kuuliza, maana meli zenyewe zinapita mbele ya macho yetu. Keti Mama Ngina jioni yoyote na kachiri zako za pilipili, utaziona zinaingia mlango wa Kilindini, makontena yamepangwa juu kama maghorofa.

Nianze na duka lenyewe, kwa sababu wengi wetu tunavaa makombo yake na hatujawahi kuuliza linavyofanya kazi. Oxfam ilianzishwa mjini Oxford mwaka 1942, wakati wa vita, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa na duka lake mtaa wa Broad Street. Leo Uingereza ina maelfu ya maduka ya namna hiyo. Mpango wake si mgumu. Watu wanaleta vitu bure. Wauzaji wengi ni watu wanaojitolea, hawalipwi. Sheria inayapunguzia maduka hayo asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara. Kinachobaki baada ya gharama kinakwenda kwenye kazi ya shirika, iwe ni utafiti wa saratani, wagonjwa wa moyo au watu wenye njaa nchi za mbali.

Lakini kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari. Mzee aliyefiwa na mkewe ana mahali pa kwenda Jumanne asubuhi, ana kazi ya kupiga pasi na mtu wa kuongea naye. Mama aliyeishiwa anampatia mwanawe koti la baridi bila kuulizwa analipwa ngapi. Mwanafunzi anatoka na sahani nne na riwaya mbili. Tajiri anayetafuta koti la kizamani na maskini anayetafuta koti tu wanapitia mlango mmoja, wanapekua nguo zilizotundikwa pamoja, na hakuna anayejua nani ni nani. Hiyo ndiyo kazi ya duka la hisani mtaani. Pesa ni nusu tu ya habari.

Sasa hiyo nusu ya pili haipandi meli. Kinachopanda meli ni kile kilichobaki. Sehemu kubwa ya nguo zinazotolewa huko hazipati mnunuzi dukani. Zinauzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zinachambuliwa, zinabanwa kwenye beli za kilo 45 hivi, zinakuja kwetu. Mama anayenunua beli hajui ndani mna nini mpaka akate kamba. Akibahatika atapata kamera, zile nguo za juu ambazo wateja wake wanazigombania kabla hazijagusa chini. Asipobahatika atapata fagia tupu, na hasara ni yake, deni ni lake, na kibanda lazima kilipiwe.

Mimi sina ugomvi na mama huyo. Ametuvisha sote, kuanzia mtoto wa chekechea hadi bwana harusi. Mwaka 2020 serikali ilipozuia mitumba kwa ajili ya korona, miezi ile michache ilitosha kuonyesha ni nyumba ngapi zinakula kupitia beli. Ugomvi wangu ni na jina. Tukishalipia ushuru, usafiri na kibanda, na fagia tumebaki nayo sisi, msituambie tumesaidiwa. Tumefanya biashara. Tena biashara ambayo hatukuruhusiwa hata kuikataa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao. Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Jamani, sadaka gani hii, ukisema asante nimeshiba unachapwa?

Haya. Kuwasema Wazungu ni rahisi, na kwenye baraza za Mji wa Kale tunaweza kufanya kazi hiyo mpaka alfajiri. Sasa tujiangalie sisi.

Hisani yetu sisi ina mtindo mmoja. Ikifika Ramadhani, au Krismasi, au mwaka wa uchaguzi, linatundikwa bango. Watu wanapangwa laini juani. Mwenye kutoa anachelewa. Akifika, anamshika mama mzee mkono mmoja, mkono wa pili unashika mfuko wa unga, na wote wawili wanageuzwa waangalie simu. Saa hiyo hiyo picha iko kwenye kila kundi la WhatsApp kisiwani. Mama yule ana wajukuu wenye simu. Ana mwanawe Doha anayetuma pesa kila akipata. Ana mkwe. Wote wanamwona, na mfuko wa unga wa kilo mbili unakwisha Alhamisi.

Shangazi yangu alipitia hayo. Baadhi ya vijana wenye nia njema, sitawataja, walileta nguo mtaani kwetu wakazigawa. Yeye akaangukiwa na gauni ambalo lingewatosha watu wawili, na viatu vya mguu mmoja tofauti na mwingine. Akasema asante. Angesema nini? Aliyepewa hana ruhusa ya kusema halinitoshi. Akisema, ataitwa maskini jeuri. Gauni lile likawa tambara la kupigia deki, na picha yake akilipokea nimeiona miaka miwili baadaye kwenye ukurasa wao, wakichangisha tena.

Wazee wetu walisema tenda wema uende zako. Tumefundishwa, msikitini na kanisani pia, kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Sisi tumeugeuza wa kushoto kuwa mpiga picha.

Ndiyo maana nasema tuuzieni. Weka kitu kizuri mezani, weka bei ndogo, shilingi thelathini, hamsini, mia. Bei ndogo inafanya mambo ambayo bure haiwezi. Mwenye kununua anachagua. Anajaribisha. Anasema rangi hii siitaki. Anaomba apunguziwe, na akikataliwa anafyonza na kwenda zake, kichwa juu. Akigundua zipu imekufa anairudisha. Zote hizo ni haki ambazo shangazi yangu hakuwa nazo siku ile. Na shilingi zile hamsini hazipotei, zinakaa mtaani, zinalipia dawa au karo ya mtu mwingine. Kwa hiyo huyo mnunuzi, hata awe na hali gani, ametoka dukani akiwa naye ni mtoaji.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kizungu. Si kweli. Kisiwa hiki kinajua zamani kwamba duka linaweza kufanya ibada. Tembea Mji wa Kale uulizie nyumba na maduka ya wakfu: mtu aliweka mali yake isiuzwe wala isirithiwe, kodi yake itunze msikiti au iwafae wahitaji. Tume ya Wakfu ya Kenya makao yake ni hapa hapa Mombasa. Duka la hisani ni binamu wa wakfu. Tofauti ni kwamba wakfu unataka uwe na nyumba, na duka la hisani linakutaka uwe na sweta moja iliyombana mwanao.

Na ukivuka daraja la Nyali, kuna Bombolulu. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzisha karakana zile mwaka 1969. Watu waliokuwa wanatupiwa senti barabarani wakatengeneza mapambo, mikoba, nguo na vinyago, vikauzwa dukani kwa bei, na wao wakalipwa mshahara. Hakuna laini, hakuna bango. Nawavulia kofia. Lakini duka linalomtegemea mtalii hulala njaa mtalii asipokuja, na pwani hii tumeona atakavyotoweka: baada ya uchaguzi wa 2007, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014, na wakati wa korona. Tunahitaji duka ambalo mteja wake ni jirani, ambaye hahitaji ndege ili afike.

Nalitaka Mama Ngina. Pale ufuoni paliboreshwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, Mashujaa Dei, na kila Jumapili mji mzima unamiminika: kutoka Likoni kwa feri, kutoka Changamwe, kutoka Majengo. Watu wanakula viazi karai, watoto wanakimbia chini ya mibuyu, na hakuna anayemuuliza mwenzake anakaa nyumba ya namna gani. Weka kibanda kimoja pale, katikati ya mwenye madafu na mwenye mahindi. Mtu atapita, atanunua, ataendelea na matembezi. Hatakuwa ameenda kuomba msaada. Atakuwa amekwenda Mama Ngina.

Kitauza nini? Kisiuze beli. Hilo ni sharti la kwanza, ili tusimkate riziki mama wa mitumba aliyelipa ushuru. Kiuze vile vitu ambavyo beli haileti na kila nyumba imevificha. Sare za shule kwanza. Kila Januari mzazi ananunua sweta mpya yenye nembo ile ile, na nyumba ya pili kuna sweta kama hiyo imekunjwa kabatini, mwenyewe kashakua. Vitabu vya gredi iliyopita. Magongo na viti vya magurudumu ambavyo mgonjwa wake alipona au alitangulia. Vitanda vya watoto. Mabuibui mazuri, nguo za harusi zilizovaliwa usiku mmoja.

Sharti la pili: kitu kibovu hakiingii. Ukileta kiatu kisicho na mwenzake, unarudishiwa papo hapo. Duka la hisani si jalala la watu wanaoona haya kutupa. Sharti la tatu: pesa zipitie tili moja ya M-Pesa, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe mlangoni, kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda wapi. Kwa herufi kubwa, tusome bila miwani. Sharti la nne: kijana anayekaa pale siku sita alipwe. Uingereza wanaojitolea wengi ni wastaafu wenye pensheni. Barobaro wa Kibokoni hana pensheni, ana mama anayemngoja na mboga. Anayetaka kujitolea saa mbili Jumapili karibu, lakini tusijenge hisani juu ya mgongo wa mtu asiye na nauli ya kurudi nyumbani.

Najua swali linalofuata. Je, asiye hata na hiyo hamsini? Yupo, na ni wengi. Huyo apewe cheti na mwalimu, imamu, mchungaji au mzee wa mtaa, aingie mlango ule ule, achague kwenye chuma kile kile, na alipe kwa kile cheti kama wengine wanavyolipa kwa simu. Muuzaji pekee ndiye atakayejua, na atanyamaza. Na kama hofu yako ni kwamba tunauza sadaka ya watu: zaka ina hukumu zake na wenyewe wanaostahiki, hatuigusi. Hapa anayeleta kitu anaambiwa tangu mlangoni kwamba kitauzwa na pesa zitakwenda wapi. Asiyeridhika arudi nacho.

Kaunti ya Mombasa nayo isijifiche. Kama Waingereza, na ubahili wao wote, waliona duka la namna hii linastahili kupunguziwa kodi kwa sheria, kaunti inaweza kutoa kibanda kimoja ufuoni na leseni isiyoua. Gharama yake haifiki ya bango moja la kumkaribisha mheshimiwa. Na nyinyi mnaotoa kila Ramadhani, ambao nawajua na nawapenda, pesa mnazochapishia tisheti zenye jina lenu zingelipa mshahara wa yule kijana miezi mitatu ya mwanzo.

Fungua kabati leo. Toa sweta ile yenye nembo, ifue, shona kifungo kilichodondoka. Na siku ukija kuileta, simu ibaki mfukoni.