Kichezeo cha Muziki Kitandani pa Mtoto

Wapo wanaonunua, kuwa zawadi ya ubatizo, kichezeo cha kuning'iniza juu ya kitanda cha mtoto, kinachozunguka na kupiga muziki. Si vibaya, ila tutazame usalama kabla ya rangi. Kifungwe imara, kamba ziwe fupi, mfuniko wa betri ukazwe kwa skrubu: betri bapa kama kifungo ikimezwa huweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono, au akitimiza miezi 5, kiondoeni.

Asiye na fedha asihuzunike. Mtoto mchanga huona vizuri kwa sentimeta 20 hadi 30 tu, ndipo ulipo uso wa mama anyonyeshapo. Na sauti yake aliizoea tangu tumboni. Mwimbieni.