MAMBO YA MOTOKAA: Giaboksi Mpya, Mkono wa Zamani

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi wapendao malori madogo ya zamani, wala si kwa kuyatazama tu bali kwa kuyaendesha. Mojawapo ya yapendwayo sana ni Chevrolet C10 ya miaka ya 1967 hadi 1972. Baadhi yake yaliuzwa na giaboksi iitwayo Powerglide, ambayo hubadili gia yenyewe, nayo ina gia mbili tu za kwenda mbele. Mkono wake umekaa kando ya usukani.

Gia mbili si kitu kwa safari ndefu za siku hizi. Injini hulia na petroli huliwa. Basi wengi huiondoa Powerglide na kutia 700R4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Hiyo ina gia nne. Ya kwanza ni 3.06 kwa 1, yafaa kwa kuvuta mzigo. Ya nne ni 0.70 kwa 1, maana yake injini huzunguka mara 70 tu wakati shafti ya propela imezunguka mara 100.

Kuifunga giaboksi hiyo chini ya lori kwahitaji nguvu zaidi kuliko akili. Akili yatakiwa kwenye mkono. Powerglide ina vituo vitano: P, R, N, D na L. Ile mpya ina saba. Wako wanaokata tamaa wakatoboa sakafu na kuweka mkono mwingine hapo, na lori zuri likaharibiwa bure.

Chini ya usukani pana kikono kifupi, na ubavuni mwa giaboksi pana kingine. Ufito wa chuma huviunganisha. Kama kikono cha usukani hakizunguki vya kutosha kukifikisha kile cha giaboksi katika kituo cha mwisho, si dawa kuurefusha wala kuufupisha ufito. Hilo husogeza vituo vyote pamoja, na kipatikanacho upande mmoja hupotea upande wa pili. Dawa ni kutoboa tundu jipya katika kikono cha giaboksi, karibu zaidi na mhimili wake, au kukirefusha kile cha usukani. Ni kama mlango: ukisukumwa inchi mbili karibu na bawaba hufunguka sana, ukisukumwa inchi mbili ukingoni hufunguka kidogo. Mkono utakuwa mzito kidogo, lakini utafika.

Juu, ndani ya usukani, kuna kibati chenye ngazi ambacho huuzuia mkono usiruke kutoka N mpaka R kwa bahati mbaya. Kibati cha zamani hakina ngazi za vituo vipya. Hubadilishwa, au huchongwa kwa tupa na mtu mwenye subira.

Hapo ndipo penye hatari. Ndani ya giaboksi pana kibati kingine chenye mapengo, na springi ikishikayo kila kituo. Hicho ndicho kitawalacho. Usukani sharti ukifuate. Ngazi za juu zikiushikilia mkono katikati ya mapengo mawili, oili hupita nusu nusu, sahani za klachi huteleza na kuungua. Na katika P ni vibaya zaidi. Jino la chuma lisipoingia kabisa, lori lililoachwa injini ikinguruma laweza kujirudisha nyuma lenyewe, na wako watu waliouawa hivyo.

Kwa hiyo fundi huutoa ufito kwanza, akakisukuma kikono cha giaboksi mpaka P, kisha akakirudisha vituo viwili, ndiyo N. Mkono wa juu nao huwekwa N. Urefu wa ufito hurekebishwa mpaka pini iingie tunduni bila kulazimishwa. Ndipo ajaribu kila kituo kimoja kimoja. Swichi ya kuwashia nayo hupangwa upya, injini iwake katika P na N tu. Na waya utokao kwenye kabureta hadi giaboksini usisahauliwe, maana 700R4 hupima nguvu ya oili yake kwa waya huo. Ukilegea, sahani zile zile huungua.

Jaribio la mwisho hufanyika mlimani, magurudumu yakiwa yamewekewa magogo yaliyoachiwa nafasi ya inchi chache: mkono katika P, breki imeachiliwa, na watu wawili wakilisukuma lori mbele na nyuma.